Nyumba ya Kienyeji

Kikao cha familia kilikaa uani, kesho yake baada ya arobaini ya bibi. Mikeka ilitandikwa chini ya mwembe, wazee wakapewa viti, sisi wajukuu tukakaa pembeni kusikiliza. Jambo lilikuwa moja: nyumba ya bibi hapa Bagamoyo ifanywe nini. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia, hakuzunguka. "Nyumba yenyewe imejengwa kienyeji," alisema. "Udongo na fito. Tuiangushe, tupandishe tofali, tuezeke bati, nasi tuwe na nyumba ya kisasa kama watu." Vichwa vikaitikia. Hakuna aliyebisha, hata mimi ambaye kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na ambaye nilizaliwa katika chumba cha pili, mkono wa kulia, cha nyumba hiyo hiyo.

Kisha kikaja chakula. Shangazi alikuwa amechinja kuku wake wawili, akaagiza nyama yao iwekwe kwenye sinia la wazee. "Hawa wa kienyeji," alisema, na kila mtu akaelewa kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Sinia letu vijana lilikuwa la kuku wa kisasa. Nikala, lakini maneno yale mawili yalinikaa kooni. Saa moja iliyopita kienyeji ilikuwa sababu ya kubomoa na kisasa ilikuwa ndiyo heshima. Sasa zimebadilishana viti.

Nimerudi Dar es Salaam na neno hilo na sijaliacha tangu siku ile. Kuku wa kienyeji, mayai ya kienyeji, mboga za kienyeji: hapo tunalipa zaidi na hatuulizi kwa nini, ulimi unajua. Lakini mwambie mtu kwamba kazi yake ameifanya kienyeji, umemtukana; umesema hana vipimo, hana utaratibu, anabahatisha. Na nyumba zetu zimeangukia upande huo wa tusi. Ukilifumua neno lenyewe, tusi hulikuti ndani. Mwenyeji ni mwenye mji. Kienyeji ni vile afanyavyo mwenye mji, yule anayejua maji ya masika yanasimama wapi, upepo wa jioni unatokea wapi, na udongo wa shamba gani haupasuki ukikauka.

Chuoni tulifundishwa mada hii kwa muda mfupi, kati ya masomo mawili yaliyoonekana ya maana zaidi. Kwa Kiingereza huitwa vernacular architecture. Kwa Kiswahili wengine husema usanifu jadi, wengine ujenzi wa asili. Maana yake tuliikariri: ujenzi wa watu wa mahali, kwa vifaa vya mahali, kwa ujuzi unaopokezanwa mkono kwa mkono bila mchoro, unaofuata hali ya hewa na maisha ya hapo. Ni maana sahihi. Niliiandika kwenye mtihani nikapita. Mhadhiri alituonyesha picha za Mali na Yemeni, tukashangaa, tukapiga makofi. Haikunijia hata kidogo kwamba nyumba ninayorudi kila likizo, ninayolala nikisikia makuti yakinong'ona, nayo imo ndani ya maana ile.

Baada ya kikao nililifuata neno la Kiingereza mpaka Kilatini. Warumi walikuwa na neno verna. Lilikuwa jina la mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, tofauti na yule aliyenunuliwa sokoni au kutekwa vitani. Kutoka kwa verna likapatikana neno la kueleza kitu chochote cha nyumbani, kilichozaliwa humu humu, na baada ya karne nyingi wasomi wa Ulaya wakalitumia kwa lugha za wenyeji na hatimaye kwa nyumba zao. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Kwa sababu sisi watu wa Mrima, yaani pwani hii ya bara inayotazamana na Unguja, hatuhitaji kamusi ya Kilatini kumjua mtu huyo. Tuna jina lake. Ni mzalia.

Wasiokulia pwani huenda wanalijua neno hili kwa maana ya leo tu: mzalia wa Bagamoyo, mzalia wa Pangani, mtu wa pale hasa, na husemwa kwa kujivuna. Zamani lilikuwa daraja. Mtumwa aliyeletwa juzi kutoka bara aliitwa mjinga, kwa kuwa hajui lugha wala desturi. Watoto wake waliozaliwa pwani, waliokua na Kiswahili kinywani, ndio walioitwa wazalia. Na mji huu ulikuwa na wazalia wengi, kwa sababu hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, ikileta pembe za ndovu na watu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua kituo chao hapa mwaka 1868, sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kukaa. Wajerumani waliotawala baadaye hawakuufuta utumwa. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ilikuja chini ya Waingereza, mwaka 1922. Si mbali. Bibi yangu alizaliwa miaka kumi na kitu baada ya hapo.

Nilimpigia shangazi simu nikamwuliza nyumba ile ilijengwa na nani. Alinyamaza. "Mambo hayo hayasemwi kwenye simu, mwanangu. Njoo."

Nilikwenda Ijumaa. Tulikaa ukumbini, mgongo wangu ukutani, mlango wa mbele na wa nyuma imefunguliwa yote miwili. Shangazi aliongea akiangalia mkeka anaousuka, hakunitazama. "Bibi yake bibi yako alikuwa mzalia," alisema. "Na ukuta huo unaouegemea, yeye ndiye aliyebeba maji ya udongo wake, mtu mzima, kichwani, kutoka kisimani. Wakati huo alikuwa hana bwana tena. Alikuwa anajenga kwa mwanawe." Ndivyo nilivyopewa historia ya nyumba yetu, na ndivyo nilivyojua kwa nini nyumbani kwetu neno hilo halikuwahi kutamkwa mbele ya wageni.

Tangu hapo naiona nyumba kwa macho mengine, nami nataka niieleze ilivyo, maana sijapata kuona mtu akiieleza kwa heshima inayostahili.

Kwanza ni vipimo, kwa kuwa tunaambiwa kienyeji ni bila vipimo. Fundi mzee wa mtaani, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiitengeneza, alinitajia: wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na pima ni mikono yote miwili iliyonyooshwa, yaani dhiraa nne. Nilichukua futi kamba yangu nikapima vyumba vyote sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Vinalingana. Palipo na tofauti, haizidi upana wa kiganja changu. Fundi huyo alicheka nilipomwambia. Akaniuliza kama nilidhani nyumba inaweza kusimama kwa kubahatisha.

Kisha nguzo. Mashimo yalichimbwa, ikasomwa dua, ubani ukafukizwa, zikasimikwa nguzo za mkoko. Mkoko hukulia ndani ya maji ya chumvi, na mchwa huupata kwa taabu kuliko miti mingi ya porini. Boriti zake zilikatwa ufukoni na kuuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yalizipeleka mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi zisizo na miti. Fito zikafungwa kwa kulala, ndani na nje ya nguzo, kwa kamba za makumbi ya nazi. Kati ya fito na fito pakajazwa udongo na vipande vya mawe ya matumbawe. Ukikauka, unapasuka, ukishapasuka unakandikwa tena, sasa udongo laini zaidi, kisha mwanya uliobaki unatomewa kwa vijiwe vidogo, ndipo ipigwe lipu na chokaa. Hicho ndicho kiambaza. Si tope lililorushwa kwenye vijiti. Ni kazi ya tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina muda wake wa kungojewa. Shangazi anasema ule ukuta ulichukua kipupwe kizima kukauka, na watoto walikatazwa kuuegemea.

Juu yake miti ya paa, yaani mwamba, makombamoyo na pau, kisha makuti. Watu hudhani kuti ni kuti. Makuti ya kumba, yanayosukwa likiwa jani zima, ni ya kuzungushia ua. Ya kuezekea ni makuti ya viungo: majani yanachambuliwa, yanakunjwa juu ya kijiti, yanafumwa moja moja, kazi ya wanawake wakiwa uani wakipiga soga. Fundi mwezekaji huyapanga akianzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyotangulia, yakiwa yamebanana kiasi kwamba mvua inateleza kabla haijapenya. Paa lenyewe limesimama wima, si la kulala, na kingo zake zimeshuka chini sana mbele na nyuma. Nikiwa mdogo nilifikiri ni umaskini, kwamba walikosa kuta ndefu. Lakini ukuta wa udongo adui yake ni mvua inayopiga kwa ubavu. Ile kofia pana ndiyo inayoufanya uishi.

Na upepo. Nyumba imeelekea baharini, na ukumbi unaikata katikati, mlango kwa mlango. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto linapokuwa kali kupita yote, ukifungua milango yote miwili upepo unaingia mbele unatoka uani, ukipita mlangoni mwa kila chumba. Juu ya kuta, kabla ya paa, pameachwa nafasi ya kiganja, na hewa ya moto inatokea hapo. Katika ofisi niliyowahi kufanya kazi tuliwahi kuchora nyumba ya mteja ufukweni, karibu na Bagamoyo hapa hapa, yenye madirisha makubwa ya kioo yanayotazama jua la jioni, na tukaandika viyoyozi kumi na moja katika orodha ya vifaa. Hakuna aliyeuliza upepo unatoka wapi. Nami nilikuwa mezani, kalamu mkononi.

Mbele kuna baraza. Ni kidato tu cha udongo na mawe, urefu wa goti, kimeungana na ukuta, juu pamelainishwa na makalio ya watu kwa miaka themanini. Hapo mgeni anapokewa kabla haijajulikana kama ataingia ndani. Hapo kahawa inanywewa, bao linachezwa, posa zinaanzwa, ugomvi wa mipaka unamalizwa. Nimewahi kufikiri kwamba katika vitu vyote ambavyo nyumba ya Kiswahili imeipa nchi hii, hicho ndicho kikubwa, kwa sababu tumekitoa pale nje ya mlango tukakipeleka mpaka Ikulu: Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Kiswahili la Taifa. Mahali pa kukaa pakawa jina la wanaokaa na kushauriana. Ramani nyingi ninazoletewa sasa hazina baraza. Zina ukuta wa tofali, geti la chuma na kengele.

Uani ni dunia nyingine, ya kina mama. Jiko, kisima, kamba za nguo, msala, yaani choo, uliojengwa pembeni usielekee kibla. Huko ndiko msiba wa bibi ulikokaa siku zote, wanawake themanini na zaidi, na hakuna aliyebanwa. Nasema hivi kwa sababu nimeshachora nyumba nyingi za kisasa ambazo sebule yake haiwezi kupokea msiba. Mtu akifiwa anakodi turubai na kufunga njia.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kila mtu duniani amezidharau nyumba za aina hii. Shibam, huko Hadramauti nchini Yemeni, kuna maghorofa yanayofika dari saba, ya matofali mabichi ya udongo, mengi yamesimama tangu karne ya 16, na UNESCO iliuweka mji ule katika urithi wa dunia mwaka 1982. Washihiri waliohamia pwani yetu, ambao wazee wetu waliwajua kwa kahawa na maduka, walitoka katika nchi hiyo. Djenné, Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliopo sasa ulijengwa mwaka 1907, na kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika upya, vijana wakipanda kwenye boriti zilizoachwa zimechomoza ukutani kwa kazi hiyo. Nilipoiona picha ile tena, juzi, sikupiga makofi. Nilimkumbuka shangazi na ndoo ya chokaa kila ilipokaribia Ramadhani.

Mwaka 1964, msanifu na mwandishi Bernard Rudofsky aliweka maonyesho ya picha za nyumba kama hizi katika makumbusho ya sanaa ya Museum of Modern Art, New York, chini ya jina ambalo kwa Kiswahili ni Usanifu Bila Wasanifu. Alifanya jambo jema. Aliwaambia wasomi wenzake kwamba historia yao ya majengo imejaa mahekalu na makasri na imewasahau watu. Lakini lile "bila" linanikera. Wasanifu walikuwapo. Fundi aliyeamua kipaa kishuke mpaka wapi, aliyechagua nguzo hii akaikataa ile, aliyeelekeza ukumbi baharini, huyo ni msanifu. Kilichokosekana ni kuandikwa jina lake, na mara nyingi kilikosekana kwa sababu alikuwa mtu ambaye jina lake halikuhesabiwa.

Hapa Bagamoyo jambo hili lina uzito wake. Wageni wanakuja, wanapigwa picha mbele ya Ngome Kongwe, mbele ya Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na zaidi sana mbele ya milango ya nakshi. Milango ni mizuri, minyororo na maua yake yamechongwa na watu waliojua kazi, na wala simlaumu anayesimama kuitazama. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia katika nyumba za mawe za mji mkongwe utakuta vyumba virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita tatu. Boriti ya mkoko haibebi dari zaidi ya hapo. Tajiri alikuwa na fedha, alikuwa na watu, lakini mti wa ufukoni ndio uliomwambia chumba chake kitakuwa kipana kiasi gani. Ndiyo maana kwangu mimi nyumba ya mawe ya tajiri na kiambaza cha bibi ni ndugu. Mawe ni ya matumbawe yale yale, chokaa ile ile iliyochomwa juu ya lundo la magogo na kuachwa inyeshewe, boriti zile zile. Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, msikiti wenye asili ya karne ya 13 umejengwa kwa mawe na chokaa, na kuta zake bado zinaonekana na makaburi yake ya nguzo bado yanazuriwa.

Boma je? Limejengwa kwa vifaa vya pwani, mikono ya watu wa pwani, lakini mpango wake ulitoka katika kichwa cha mtawala aliyetaka kuonekana. Wapo watakaosema kwamba vifaa vya mahali vinatosha kulifanya la kienyeji. Mimi nasema hapana. Kienyeji si udongo wala makuti. Ni nani aliyeamua, na aliamua kwa ajili ya maisha ya nani. Kwa kipimo hicho naweza kuikubali nyumba ya tofali kuwa ya kienyeji, ikiwa na ukumbi, uani na baraza, na ninaweza kuikataa hoteli ya ufukoni iliyoezekwa makuti juu ya kuta za zege ili mgeni ajisikie yuko Afrika.

Nimesema nitaieleza kwa heshima. Heshima ni pamoja na kusema kweli. Makuti yanashika moto kwa cheche moja ya jiko, na mtaani kwetu nimeona nyumba nne zikiteketea mchana mmoja. Yanaoza, kila baada ya miaka michache yanataka kubadilishwa. Yanafuga panya. Ile nafasi ya hewa juu ya ukuta ni mlango wa mbu. Bati linakinga maji ya kunywa masika, na mwanamke aliyebeba ndoo kichwani maisha yake yote ana haki ya kulipenda. Mikoko nayo haipo ya kukatwa ovyo. Ni misitu ya hifadhi, kibali kinahitajika, na mazalia ya samaki na kamba yamo humo. Matumbawe yakichimbwa kwa chokaa, mwamba unaokinga ufuko unakufa. Nchi ya leo haiwezi kujengwa yote kama alivyojenga bibi yake bibi, tena hatuko wachache kama walivyokuwa wao.

Lakini kuna lugha moja ya kiofisi nayo imetudhuru. Nyumba ya tofali na bati tunaiita ya kudumu, ya udongo tunaiita ya muda. Mwaka mmoja, nikiwa bado chuoni, familia ilichanga ikaita fundi mwenye sifa mjini apige lipu ya saruji ukuta wa mbele, "ili nyumba nayo iwe ya kudumu." Ilipendeza. Masika ya pili ukuta ukaanza kutuna. Ukuta wa udongo na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, ndiyo pumzi yake; saruji iliufungia ndani. Lipu ilipodondoka, ilidondoka bapa zima kama gamba, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, fito zimeoza, mchwa wamejaa. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo leo inaonekana imechoka. Sehemu ambazo hazikuguswa, ambazo bibi alizipaka chokaa kwa mkono wake mwaka baada ya mwaka, zimesimama. Na nyumba za tofali zilizopandishwa jirani kwa mchanga wa baharini, kwa kuwa ni wa bure, zinavua lipu kwa chumvi kabla mwenyewe hajamaliza kuweka madirisha.

Tulikaa kikao cha pili mwezi uliofuata. Safari hii nilisema. Sikuleta hoja za chuoni. Nilieleza ukuta wa mbele umeharibika kwa nini, na baba mdogo, ambaye ndiye aliyelipa ile saruji, alisikiliza mpaka mwisho akauliza chokaa sasa inapatikana wapi. Tumekubaliana hivi: msala na jiko vijengwe upya kwa tofali, na tanki la maji. Nyumba ya mbele ibaki, saruji ibanduliwe, ukuta ukandikwe upya. Kuhusu paa hatujapatana. Baba mdogo anataka bati, shangazi hataki kusikia, na mimi nimeona kwamba kila mmoja ana sababu ya kweli. Huenda ikawa bati juu ya mteremko ule ule, kingo zikishuka vile vile, na makuti yakibaki barazani.

Fundi mzee amesema atakandika, lakini kwa sharti la kupewa vijana wawili wa kufundisha, kwa maana magoti yake yamekataa ngazi. Tumempata mmoja, mjukuu wa jirani. Wa pili bado tunamtafuta.

Kabla ya kubandua chochote, nilitaka kuichora. Nyumba ile haijawahi kuwa kwenye karatasi. Nililala huko siku nne, shangazi akinishikia upande mmoja wa futi kamba, akinisahihisha kila nilipoita kitu kwa jina la kiofisi. Siku ya mwisho nilikuwa nimetandaza mchoro barazani, jioni, nikijaza kile kisanduku cha pembeni chini kinachokuwa katika kila ramani: mahali, tarehe, kipimo, mwenye nyumba. Nikafika palipoandikwa msanifu. Nikamwuliza shangazi niweke nini.

Aliweka mkeka wake chini. Akaanza na fundi mwezekaji, jina lake na la baba yake na kijiji alichotoka. Halafu waliokata fito. Halafu aliyechimba udongo, ambaye alikuwa akilipwa kwa samaki. Halafu wanawake waliosuka viungo, mmoja mmoja, na nyumba walizoolewa. Halafu bibi yake bibi yangu, na baada ya jina lake akanyamaza, kisha akataja na lile lingine, alilopewa na mama yake kabla ya hili la pwani. Kisanduku kilikuwa kimejaa zamani. Niliandika ukingoni mpaka ukingo ukaisha, nikamwomba asubiri kidogo, nikaigeuza karatasi.